Jirani Yetu wa Nyakabiga

Maneno yaliyosomwa na kikundi cha watu wa Nyakabiga katika mkutano wa Kamati ya Jamii, Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni.



Tulipoambiwa kwamba mwaka huu kila kikundi kitasema neno juu ya kule kilikotoka, wengi walitegemea sisi watu wa Nyakabiga tusimulie habari za Desemba 2015. Tutazigusa, maana hatuwezi kuzikwepa. Lakini tulipokaa kupanga tuseme nini, mama mmoja akauliza: "Na yule msusi wetu, nani atamsemea?" Tukanyamaza wote. Kwa sababu ya ule ukimya wetu, leo tunasema juu ya watu ambao jinsia waliyoandikiwa siku ya kuzaliwa siyo ile wanayojijua nayo. Tunasikia wanaoguna. Guneni, kisha mtusikilize.

Kwa wasioijua, Nyakabiga ni kartiye ya Bujumbura. Nyumba zimebanana, upande mmoja unavuka kuingia Bwiza, upande mwingine unafika kwenye mto Ntahangwa, na chuo kikuu hakiko mbali. Kijana akionekana na mtu jioni, shangazi yake amepata habari kabla hajafika nyumbani. Katika mtaa wa namna hiyo hakuna anayejificha maisha yake yote, na msusi wetu hakujificha.

Siku aliyozaliwa ilisemwa ni mtoto wa kiume, akapewa jina la kiume. Yeye tangu alipoanza kusema alijihesabu msichana. Hakuna aliyemfundisha. Baba yake alimchapa, akampeleka kwa mchungaji, akampeleka kwa mganga, mwisho akampeleka shambani kwa mjomba wake akajifunze kazi za kiume. Alirudi baada ya mwaka na mikono migumu, na hakuna kingine kilichobadilika. Alipokua akaanza kazi ya kusuka nywele barazani kwao. Jumamosi wake zetu na dada zetu walijaa pale, wakapanga foleni, wakamwita dada. Sisi wanaume tulimwita majina mengine, ambayo hatutayarudia mbele ya watoto.

Sasa tueleze jambo lenyewe, maana tumegundua kuwa watu wengi, na sisi tukiwamo, tulikuwa tunachanganya vitu vitatu kuwa kimoja.

Mtoto anapozaliwa, mkunga anamtazama na kusema ni wa kiume au wa kike. Kwa watu walio wengi neno lile la mkunga linawafaa hadi kaburini, wala hawalifikirii tena. Kwa wachache haliwafai. Mtu anakua huku akijijua ni mwanamke ilhali ameandikiwa uanaume, au anajijua ni mwanamume ilhali ameandikiwa uanamke. Siku hizi wanaitwa transijenda. Hilo ni jambo la kwanza, nalo linahusu mtu ni nani.

Jambo la pili ni nani anampenda nani. Hilo ni habari nyingine kabisa, maana transijenda anaweza kumpenda mwanamume, au mwanamke, au kukaa peke yake kama wengine wanavyokaa.

Jambo la tatu ni huntha, yaani mtu ambaye mwili wenyewe umezaliwa na alama ambazo hazikuegemea upande mmoja. Hao wapo, na wanahesabika: katika sensa ya mwaka 2019 Kenya iliwahesabu kwa mara ya kwanza, ikapata watu 1,524, na sheria yao ya watoto ya mwaka 2022 imemtaja mtoto huntha na kumpa ulinzi. Msusi wetu hakuwa huntha. Tunaeleza hivi kwa sababu kila mara watu hutaka kujua "ana nini ndani ya nguo", wakidhani jibu litamaliza maneno. Halimalizi, tena si haki yao kuuliza.

Wengine husema ni ugonjwa wa akili. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuliandika hivyo katika orodha yake ya magonjwa. Mwaka 2019 nchi wanachama zilipitisha orodha mpya iliyoanza kutumika Januari 2022, na humo jambo hili limetolewa katika sura ya magonjwa ya akili na kuwekwa katika sura ya hali zinazohusu afya ya kijinsia, ili mwenye kuhitaji daktari amwone bila kuitwa kichaa. Ndugu zetu wa zahanati wanalijua hili. Tunawaomba wawaambie na wale wanaokaa mlangoni kugawa namba.

Wengine husema ni mambo ya Wazungu. Hapa tunataka kukaa kidogo.

Lugha zetu zenyewe zinatushangaza. Kwa Kiswahili tunasema "yeye amekuja", na hakuna ajuaye kama ni mwanamume au mwanamke mpaka uulize. Kirundi ni hivyohivyo. Babu zetu walisema juu ya watu maisha yao yote bila kulazimika kutaja jinsia katika kila sentensi, na hawakupungukiwa kitu. Ni Kifaransa na Kiingereza vinavyodai uchague. Tutalirudia jambo hili tutakapofika kwa wakalimani.

Tena, kwa Wanandi wa Kenya, mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kuoa mwanamke, akalipa mahari, akahesabiwa mume na baba wa watoto wa nyumba hiyo. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua ndoa ya namna hiyo katika kesi ya urithi. Hatusemi kwamba wale ni transijenda; hapana. Tunasema wazee wale walijua kuwa mwili ni kitu kimoja na nafasi ya mtu katika jamii ni kitu kingine. Hata kwetu, amri ya Oktoba 2017 ilipokataza wanawake kupiga ingoma, hakuna aliyedai kwamba mkono wa mwanamke hauwezi kushika mirisho. Akina dada walikuwa wameshazipiga, na vizuri. Ni watu waliopanga nani afanye nini.

Upande wa dini tumewauliza mashehe na wachungaji wa hapa kambini, na hawakukubaliana wote, nasi hatutawasingizia. Lakini mambo mawili tuliyoyasikia tunayaleta. Wanazuoni wa Kiislamu wa kale waliandika milango mizima juu ya huntha: atarithi sehemu gani, atasimama safu ipi msikitini. Wakasema asimame kati ya safu ya wanaume na safu ya wanawake. Na juu ya mwanamume mwenye maumbile ya kike aliyeumbwa nayo, Imamu Nawawi alimtofautisha na anayejifanya kwa makusudi, akasema wa kwanza hana lawama. Wakristo nao wanaye yule towashi wa Kushi katika kitabu cha Matendo, mtu ambaye kwa Torati asingeingia katika kusanyiko, na Filipo alimbatiza njiani bila kumtaka kwanza awe mtu mwingine. Sisi si wanazuoni. Tumeona tu kwamba wale wa kale waliuliza "atasimama wapi?" Hapa kambini sisi tuliuliza "ataondoka lini?"

Turudi Nyakabiga. Wazee wanakumbuka mwaka 2009. Sheria mpya ya makosa ya jinai ilikuwa na mambo mema: iliondoa adhabu ya kifo na ikafanya mateso kuwa kosa. Ndani yake kikaingizwa kifungu cha 567 cha kuwaadhibu watu wa jinsia moja wanaoingiliana. Seneti ilikikataa mwezi Februari. Tarehe 6 Machi maelfu ya watu waliandamana Bujumbura kwa mwito wa chama tawala wakikidai, na tarehe 22 Aprili sheria ikatiwa sahihi: kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2 na faini ya faranga 50,000 hadi 100,000, au mojawapo ya adhabu hizo. Sheria ya mwaka 2017 iliyochukua nafasi yake haikuliondoa katazo hilo.

Baadhi yetu tulikuwamo katika maandamano yale. Tuliambiwa ni ya kutetea utamaduni, na siku ile hatukuuliza mengi.

Kifungu kile hakikutaja hata kwa neno moja mtu anayejijua ni mwanamke. Kilitaja kitendo. Lakini nani mtaani anasoma vifungu? Kuanzia hapo msusi wetu akawa "yule wa sheria". Wateja wakapungua. Mwenye nyumba jirani akamtaka aondoe viti barazani. Vijana wakimpiga mawe, hakuwa na pa kwenda kushitaki, kwa sababu angeanza kuulizwa yeye.

Sasa Desemba 2015. Tarehe 11 kambi za jeshi zilishambuliwa, na usiku ule na kesho yake askari walipita nyumba kwa nyumba. Asubuhi ya tarehe 12 miili ya vijana ilikuwa njiani Nyakabiga. Kuwa kijana wa kiume na kulala Nyakabiga kulitosha. Katika msako, jambo la kwanza ni kaye ya nyumba, ambamo kila anayelala ndani ameandikwa, na la pili karangamuntu. Msusi wetu katika kaye aliandikwa mwanamume. Aliyesimama mlangoni alikuwa amevaa kitenge na nywele zimesukwa. Akisema yeye ni binti wa nyumba ile, kaye inamkanusha. Akisema yeye ndiye yule kijana wa kwenye kaye, basi ni kijana aliyejificha kwa nguo za kike, na aliyejificha ana hatia. Mama yake alimpandisha darini siku mbili. Mwisho wa mwezi alikuwa amevuka mpaka.

Wenzetu wa kartiye nyingine wanajua pia mambo ya nyuma ya hapo. Mwaka 1994 na 1995, mitaa ya Bujumbura ilipogawanyika kwa makabila, Nyakabiga yetu iliyokuwa ya watu wote ilibaki ya upande mmoja. Kwenye vizuizi vijana walimtazama mtu pua, urefu, vidole, wakakata kauli. Waliokosewa hawakurudi kulalamika. Kuna watu katika mkutano huu waliowahi kusimama kwenye kizuizi, na kuna waliowahi kupita wakitetemeka. Sote tunajua kutazamwa mwili na kuambiwa wewe ni nani. Kwa nini basi tulipofika hapa tukamfanyia mwenzetu lilelile?

Maana tulimfanyia. Siku ya kuandikishwa, karani alilisoma jina lake kwa sauti mbele ya foleni, akamtazama, akalisoma tena. Watu wakacheka, na kwa kicheko kile kambi nzima ikajua. Kwenye bafu la wanawake akina mama wa vijiji vingine walimfukuza. Kwenye bafu la wanaume alipigwa. Akawa anaoga usiku wa manane, na sungusungu wakamkamata kwa kuzurura. Alipoleta malalamiko, sisi, watu wa kwao, tulioletwa kumtetea, tulisema hatumjui vizuri. Kisha ikaja barua ya kuomba kiwanja chake kipewe familia nyingine kwa kuwa "mhusika haonekani". Kamati iliitia sahihi, na sahihi mbili zilikuwa za watu wa Nyakabiga. Hatujui aliko.

Tungesema yamekwisha, ila hayajaisha. Kuna wengine hapa. Hatutasema ni wangapi wala wako zoni ipi, na tunaomba mtu yeyote asianze kuwatafuta.

Kwa ndugu zetu wa mashirika tuna neno moja kubwa, nalo ni mkalimani. Mwongozo wa HCR namba 9 wa mwaka 2012 unaeleza wazi kwamba mtu anayeteswa kwa sababu ya utambulisho wake wa jinsia anaweza kupewa hifadhi chini ya Mkataba wa 1951. Karatasi ni nzuri. Lakini anayeingia chumbani kueleza siri hiyo anamkuta nani amekaa pembeni ya afisa? Anamkuta jirani. Mkalimani ni mtu wa mtaa uleule, anasali naye, anachota maji naye. Mtu anafunga mdomo, anaeleza vita tu, anatoka. Baadaye akikutwa na shida anaambiwa: mbona hukusema?

Na hata akisema, lugha inamsaliti. Yeye kwa Kirundi au Kiswahili hajataja jinsia. Mkalimani akigeuza kwa Kifaransa au Kiingereza ni lazima achague, na anachagua kwa kutazama kadi. Afisa anasikia mwanamume anayesimulia mambo yasiyolingana, anaandika "maelezo yanapingana". Tumezungumza na wakalimani wawili wakakiri kwamba hawakuwahi kulifikiria. Dawa yake si ngumu: mkalimani amwulize mhusika mwenyewe kabla ya kuanza, "nikutaje vipi?", na mhusika apewe nafasi ya kumkataa mkalimani bila kutoa sababu. Pale inapowezekana, aletwe mkalimani wa kambi nyingine kwa simu.

Kwa wenyeviti wa vijiji na sungusungu tuna kesi moja ya jirani zetu Uganda. Mwezi Julai 2005 mwenyekiti wa mtaa huko aliingia nyumbani kwa Victor Mukasa, transijenda na mtetezi wa haki, bila hati yoyote, akachukua karatasi zake. Mgeni aliyekutwa humo, Yvonne Oyo, alikamatwa, na kituoni akavuliwa nguo ili ionekane ni wa jinsia gani. Walishitaki. Tarehe 22 Desemba 2008 Mahakama Kuu ya Kampala iliamua kwamba haki zao zilivunjwa, ikaamuru walipwe fidia. Uganda hiyohiyo ina sheria kali juu ya mambo haya, ya mwaka 2023, kwa hiyo msidhani ni nchi ya kulegeza. Lakini hata huko mahakama iliona kwamba mwenyekiti hana ruhusa ya kupekua wala mtu yeyote hana ruhusa ya kumvua mwenzake nguo ili amtambue. Sungusungu wetu wamewahi kufanya hivyo. Kukoma kwake hakuhitaji semina.

Kuhusu jina, tumesikia wakisema kubadili jina ni kudanganya serikali. Kenya, Audrey Mbugua aliliomba Baraza la Mitihani libadili jina kwenye cheti chake cha sekondari, kwa sababu kila alipoomba kazi aliambiwa cheti si chake. Oktoba 2014 Mahakama Kuu iliamuru cheti kipya kitolewe chenye jina lake, na kisiwe na alama ya jinsia. Maksi zilibaki zilezile. Sisi hapa hatuna mahakama, na kadi ya mgao inafuata jina la kwenye kompyuta. Lakini siku ya mgao kinachoitwa kwa sauti kinaweza kuwa namba badala ya jina. Hilo halimgharimu mtu hata kilo moja ya unga, na litawafaa na wengine wengi ambao hawapendi majina yao yatangazwe, wajane wanaowakimbia mashemeji kwa mfano.

Kuna waliopendekeza kwamba watu hawa wakusanywe sehemu moja ili walindwe kwa urahisi. Tunaomba Kamati ifikiri sana. Huko Kakuma, wakimbizi wanaobaguliwa kwa mapenzi yao au kwa jinsia yao walikaa wengi pamoja katika bloku moja, kila mtu akijua ni ya nani. Machi 2021 walitupiwa moto usiku, na kijana mmoja kutoka Uganda alikufa mwezi uliofuata kwa majeraha yake. Wengine walikuwa wamekaa pamoja kwa hiari, maana kwingine walikuwa wanapigwa, na hatuwezi kuwalaumu. Ila mtu aulizwe mwenyewe anaona usalama wake uko wapi, asihamishwe kama gunia.

Kwa majirani hatuna mengi. Mwite mtu jina analojiita. Usimwulize habari za mwili wake. Ukijua siri yake, usiipeleke kisimani, hata kwa nia njema, hata kwa kumwombea. Mtoto wako akiwa hivyo, usimfukuze. Yule mama aliyempandisha mwanawe darini hakuwa amesoma kitabu chochote juu ya mambo haya, na hata leo hayaelewi vizuri, ametuambia mwenyewe. Alijua tu kwamba ni mtoto wake na kwamba kuna watu mlangoni.

Ndugu Mwenyekiti, tumeleta maombi matatu kwa maandishi, nayo yako mezani kwako: namba badala ya majina siku ya mgao, haki ya kumkataa mkalimani, na bafu moja lenye kitasa katika kila zoni, la mtu mmoja mmoja, kwa yeyote anayelihitaji, awe mgonjwa, mlemavu, mama mwenye fistula au mwingine, bila kuulizwa sababu. La tatu hatukungoja. Kwa mbao tulizopewa za ukumbi, na kwa ruhusa ya kiongozi wa zoni yetu, tumejenga la kwanza nyuma ya kisima. Lina mlango wa bati na komeo kwa ndani. Ufunguo unashikwa na yule mama aliyetuuliza swali, na anapatikana hata usiku.